Kansa ya nyongo: mbele ya kuuza parsele, tuulize ni shimio gani

Siku ya tatu moja asubui, mwenzetu mumoja aliingia mu biro yetu ya sendika na sashe nyeusi mukononi. Ndani ya sashe kulikuwa livret de logeur ya nyumba yake ya Katuba. Hakukubali hata kuketi. Alisema: "Ba yaya, munionyeshe mutu wa kuuzia. Mama ya batoto iko na kansa ya nyongo, na ile dawa banasema ni falanga mingi."

Tulimuuliza: dawa gani? Hakujua jina. Tukauliza tena: muganga alisema ile dawa itafanya nini? Akajibu: "Alisema ni shimio." Njo ile tu. Mutu alikuwa tayari kuuza nyumba aliyojenga kwa miaka kumi na mine ya kuendesha kamiyo mu karieri, juu ya neno moja.

Sisi si waganga. Tuko watu wa sendika, wengi wetu tuliishia mu sekondari, na kazi yetu ni kontra, mishahara na kofia za usalama. Lakini tangu ile siku tulikaa na waganga, tuliuliza, tuliandika mu kaye, na tulirudi kuuliza tena pale hatukuelewa. Kisha jina la ule ugonjwa tukalisikia kwa jamaa ingine, na tena kwa ingine. Njo maana tunaandika.

Nyongo ni nini kwanza? Ni kifuko kidogo, sawa avoka ndogo, kinakaa chini ya ini, upande wa kuume, pale mbavu zinaishia. Ini inatengeneza maji ya uchungu, kifuko kinayaweka, na ukila chakula cha mafuta, sombe yenye mawese kwa mufano, kinayafinya yashuke mu matumbo. Ku karatasi ya ekografi utasoma vésicule biliaire. Ni kile kile kifuko.

Kansa ikianza pale ndani, haipige kelele. Mutu anakula, anaenda sokoni, anacheka. Maumivu yakija yanafanana na ya mawe ya nyongo, ao ya tumbo tu. Siku alama kubwa zinaonekana (macho ya manjano, mukojo mweusi sawa chai, choo cheupe, ngozi inawasha usiku muzima, nguo zinaanza kuwa kubwa juu ya mwili), mara nyingi kansa imekwisha kutoka mu kifuko na kuingia mu ini ao mu mishipa inayopitisha nyongo. Ile njo waganga wanaita kansa iliyoendelea. Inapata wanawake kuliko wanaume, na wengi ni watu wakubwa wa miaka.

Mama wa mwenzetu alikuwa na miaka 52, aliuzisha mboga ku soko ya Kenya. Kwa miezi mine alitibiwa tifoide. Widal, dawa. Widal tena, dawa tena. Ndugu, mwenye anaishi Lubumbashi anaijua ile njia: homa ni malaria, tumbo ni tifoide, na kama haiponi ni tifoide "ya kurudia". Shida ni hii: mu inchi kama yetu, ile kipimo ya Widal inaweza kuonyesha tifoide kwa mutu aliyeipata zamani na kupona. Kwa hiyo karatasi inasema ndiyo, na mugonjwa anakunywa antibiotiki ya bule. Tena mududu wa tifoide anaweza kujificha miaka mingi ndani ya kile kifuko cha nyongo, na watu wanaobeba vile wako na hatari zaidi ya kansa ya pale. Hatusemi tifoide haiko, iko mingi. Tunasema mutu mwenye macho ya manjano asiachwe hata wiki moja bila ekografi. Mashini ya ekografi iko mu vituo vingi vya muji wetu. Ule mama aliipata mu mwezi wa tano wa ugonjwa, na karatasi ya kwanza tu ilionyesha kifuko chenye ukuta munene na kivimbe kilichogusa ini.

Kila mahali tulipoongea juu ya hii, swali la kwanza lilikuwa lile lile: je, si migodi njo inatuletea? Tunaelewa. Mu mwaka wa 2009, watafiti wa Université de Lubumbashi na wa Leuven kule Ubelgiji walitoa utafiti: watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti mingi sana mu mukojo wao. Na mu 2022 wataalamu wa kansa wa OMS walioko Lyon waliweka kobalti mu kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta kansa kwa mutu. Lakini kwa kansa ya nyongo, hakuna mwenye ameonyesha kwamba ni kobalti ao shaba yetu. Tungependa kuwa na ile jibu, ingetusaidia mbele ya wakubwa wa kampuni. Ila sendika ikisema jambo bila kipimo, siku italeta jambo lenye kipimo hakuna atakayeisikiliza.

Angalieni Chile, inchi ya shaba kuliko sisi. Kule kansa ya nyongo inaua watu wengi sana, lakini wanaojulikana kupatwa zaidi ni watu wa kusini, Wamapuche, hata kama migodi mikubwa ya shaba iko kaskazini. Kule wanapigana sana na mawe ya nyongo, juu wagonjwa wengi wa hii kansa wako nayo. Tangu 2006 serikali ya Chile iliweka mu sheria: mutu wa miaka 35 mpaka 49 mwenye mawe ya nyongo ana haki ya kutolewa kifuko mbele kansa haijaanza. Musiogope bule: watu wengi wenye mawe hawapate kansa hata siku moja. Na mwenye mutoto wa SS ajue kwamba ule ugonjwa wa damu unaleta mawe ya nyongo hata kwa watoto; ekografi kwa wakati wake si anasa.

Sasa tuje ku dawa yenyewe.

Operasyo njo kitu kimoja kinachoweza kuponyesha kansa ya nyongo, na ni pale kansa ingali ndani ya kifuko ao imetoka kidogo tu. Muganga wa operasyo akisema haiwezi kutolewa yote, inabaki shimio, ile kwa Kifaransa wanaandika chimiothérapie. Na hapa tuandike wazi, juu hakuna aliyemwambia mwenzetu wazi: kwa kansa ya nyongo iliyoendelea, shimio haiponyeshe. Inarudisha kansa nyuma kwa muda, inapunguza maumivu kwa wengine, inaongeza miezi. Mwenye kukuuzia shimio kwa kusema itaondoa ugonjwa wote, yeye au hajui, au anapenda falanga yako.

Ni miezi ngapi? Kule India ya kaskazini hii kansa iko mingi, njo maana waganga wa New Delhi waliipima vizuri. Utafiti wao ulitoka mu 2010. Walichukua wagonjwa 81, wote wa kansa ya nyongo isiyoweza kutolewa, wakawagawa mu makundi tatu. Kundi lenye halikupewa shimio, lenye lilitunzwa tu kwa dawa za maumivu na mengine, lilikuwa na miezi 4,5. Kundi la dawa ya zamani, fluorourasili, miezi 4,6. Kundi la dawa mbili pamoja, gemsitabini na oksaliplatini, miezi 9,5. Hizi hesabu ni za katikati: nusu ya wagonjwa walipita pale, nusu hawakufika. Mutu hana tarehe yake iliyoandikwa mu ile hesabu.

Soma tena lile kundi la pili. Fluorourasili ni dawa ya zamani, inajulikana, na mutu anaweza kukupa kwa bei ya chini akisema "ni shimio pia". Ndiyo, ni shimio pia. Lakini mu ule utafiti, kama dawa ya kwanza ya kansa ya nyongo, haikuongeza kitu. Mishipa inachomwa, nywele na falanga vinaenda, na miezi ni ile ile. Hapa njo utaona kwa nini tulimuuliza ndugu yetu jina la dawa.

Mu ule mwaka wa 2010 Waingereza walitoa utafiti mukubwa zaidi, wa wagonjwa 410 wa kansa ya nyongo na ya mifereji yake. Waliopewa gemsitabini peke yake walipata miezi 8,1 ya katikati; waliopewa gemsitabini pamoja na sisplatini, miezi 11,7. Tangu pale, hizo mbili pamoja njo zilikuwa shimio ya kwanza mu dunia muzima kwa huu ugonjwa. Ku flakoni utasoma gemcitabine na cisplatine. Muandike mu kaye. Si dawa mupya. Viwanda vingi vinazitengeneza, na zote mbili ziko mu liste ya OMS ya dawa za lazima. Bei yake inauma, lakini si bei ya kuuza nyumba kama kuna mutu wa kusaidia kulipa. Tutafika pale.

Zinapewa kwa serumu, mu mushipa: siku ya kwanza, kisha siku ya nane, kisha kupumzika mpaka wiki tatu ziishe. Ile inaitwa siki moja. Waingereza walienda mpaka siki nane kwa wenye mwili ulikubali. Hesabu: siki nane, serumu mara mbili kila siki, ni mara 16 za kufika ku lupitalo, kwa karibu miezi sita. Sisi tuliposikia 16, njo tulielewa kwamba shida ya jamaa zetu si flakoni peke yake. Ni taksi, ni chakula, ni mutu wa kukaa na mugonjwa ambaye siku ile hauzishe kitu.

Na mbele ya serumu ya kwanza kuko mambo ambayo lazima yafanyike, hata kama una haraka. Kama macho iko manjano, nyongo imefungiwa njia, na waganga wanapashwa kwanza kuifungua, mara nyingi kwa bomba kadogo wanakoingiza mu mufereji. Kuweka shimio juu ya ini iliyojaa nyongo ni hatari kubwa. Kisha biopsi: kipande kidogo cha kile kivimbe kiangaliwe na mikroskopi, juu kuna vivimbe vya ini na vya nyongo ambavyo si hii kansa na dawa yake ni ingine. Muganga akitaka kuanza shimio bila biopsi, muulize kwa heshima kwa nini. Anaweza kuwa na sababu, lakini aiseme. Kisha damu, na hasa figo, juu sisplatini inaharibu figo. Siku ya sisplatini mugonjwa anapewa maji mingi ya serumu, na nyumbani anakunywa maji. Dawa za mizizi za kukojolesha ao za "kusafisha tumbo" ziachwe kabisa mu ile miezi. Tunajua mama mukwe ataleta chupa. Mupokee kwa heshima, muiweke juu ya kabati.

Kama figo ni zaifu, muganga anaweza kuacha sisplatini na kuweka oksaliplatini, ile ya utafiti wa New Delhi. Nayo iko na tabia yake: baridi inakuwa adui. Mutu akigusa maji ya baridi ao akiyakunywa, vidole na koo vinapigwa sawa na umeme. Mu mwezi wa sita na wa saba, asubui ya Lubumbashi munaijua. Mugonjwa wa oksaliplatini anawe maji ya moto na avae gan. Kwa muzee ao mutu zaifu, kuko gemsitabini peke yake. Kuko tena vidonge vya kapesitabini kwa mwenye hawezi kurudi ku lupitalo kila wakati, lakini kwa hii kansa iliyoendelea ushahidi wake si wa nguvu sawa na wa zile mbili.

Na kuko mutu ambaye shimio haimufai kabisa. Waganga wanaangalia kama mugonjwa anatembea, anajiosha, anakaa inje ya kitanda sehemu kubwa ya muchana. Mwenye analala siku muzima, shimio inaweza kumumaliza mbele ya kansa. Jamaa wanakasirika wakisikia ile, wanasema muganga amekata tamaa juu ni masikini. Mara ingine ni kweli kwamba masikini anasukumwa. Lakini hata tajiri wa Brussels, akiwa mu ile hali, anaambiwa vile vile.

Jambo moja tunaomba kila jamaa ilibandike ku ukuta: homa. Shimio inashusha askari wa mwili mu damu. Mugonjwa wa shimio akipata homa ya 38 ao zaidi, hata usiku, aende ku lupitalo sasa hivi na karatasi yake ya shimio. Musimupe dawa ya malaria nyumbani na kungojea asubui. Malaria itapimwa kule kule. Tulipoteza mutu mumoja vile, na hakufa na kansa.

Sasa zile dawa mupya. Ule ndugu alikuwa amesikia mu simu, kwa binamu wa Ulaya, kwamba kuko dawa inayofundisha mwili kupigana na kansa. Iko kweli. Inaitwa durvalumabu, na ingine pembrolizumabu. Utafiti wa kwanza ulitoka mu 2022: gemsitabini na sisplatini peke yake, miezi 11,5, ukiongeza durvalumabu, miezi 12,8. Kuko wagonjwa wachache ambao wanaishi nayo muda murefu kabisa, na ku inchi zinazoweza kulipa inaongezwa ku shimio tangu mwanzo. Lakini wewe mwenye livret de logeur mu sashe, angalia hesabu: zile dawa mbili za zamani njo zinabeba muzigo. Ile mupya, kwa mugonjwa wa katikati, inaongeza mwezi moja na siku kidogo, na ni yenyewe yenye bei ya kumeza parsele. Sisi tunasema, na ni mawazo yetu: kama hakuna asirasi ao kampuni ya kuilipa, usiuze nyumba ya watoto juu ya ile. Kuko tena kipimo cha HER2, ambacho kwa wagonjwa wengine kinafungua mulango wa dawa ingine. Kama muganga anakitaja, uliza mbele ya kulipa: kikionyesha ndiyo, ile dawa tutaipata wapi, na nani atailipa?

Kansa ikirudi nyuma ya shimio ya kwanza, kuko ya pili, wanaiita FOLFOX, ya oksaliplatini na fluorourasili pamoja. Waingereza waliipima: miezi 6,2 ya katikati, na bila yenyewe 5,3. Nyuma ya mwaka muzima, kati ya wagonjwa 100 karibu 26 walikuwa wangali wazima, na kwa kundi lingine 11. Ni kidogo, si bule. Ni ya kuongea na mugonjwa mwenyewe, si na shemeji.

Wengi wanauliza juu ya Lusaka. Kule kuko Cancer Diseases Hospital, karibu na lupitalo kubwa ya université, ilifunguliwa mu 2007, na watu wetu wanavuka Kasumbalesa kuienda. Ni lupitalo ya kansa ya kweli. Lakini kumbuka zile mara 16. Mugonjwa hawezi kuvuka mupaka, kupita Chingola, Kitwe, Ndola na Kabwe mu bisi, kisha kurudi nyuma ya wiki moja na kutapika. Lazima kukaa kule, na kukaa ni kodi, ni kwacha kila siku. Kwa hiyo uliza kwanza hapa mujini, ku Cliniques universitaires, ku Sendwe, ku muganga aliyekutuma: gemsitabini na sisplatini zinaweza kupewa hapa, na nani mwenye ujuzi wa kuzipima na kuzichanganya? Dawa ni ile ile, ya Lusaka ao ya hapa. Watu wengine wanaenda kule kwa biopsi na mupango wa dawa, kisha wanarudi kupewa serumu hapa, waganga wa pande mbili wakiandikiana. Na flakoni zinunuliwe ku farmasi ya lupitalo, boksi ikiwa imefungwa, na jamaa waombe kubaki na boksi tupu yenye numero. Ile boksi tupu itakuwa pia ushahidi wako kwa kampuni.

Juu kampuni njo inapashwa kulipa. Kode ya kazi ya tarehe 16 oktoba 2002, mu artikle 177, inasema: mufanyakazi akiwa mugonjwa, ao mutu wa jamaa yake, mwajiri analipa matunzo, operasyo, dawa na lupitalo, mpaka mwisho wa kontra. Haisemi "isipokuwa kansa". Mu kampuni ya sous-traitance ya mwenzetu, waliandika ku karatasi ya muke wake: maladie chronique, non prise en charge. Tuliandika barua, tukaweka artikle, tukaweka kopi ya biopsi na jina la dawa mbili na bei yake ya farmasi. Jina la dawa lilisaidia kuliko makelele yetu yote ya zamani, juu mutu wa RH alijiandaa kukataa "matibabu ya Ulaya", akakuta liste ya OMS. Tulienda mpaka kwa Inspection du travail. Ilichukua wiki sita. Kwa ule ugonjwa wiki sita si kitu kidogo, na ile hatujaisamehe.

Kuko mitego miwili. Ya kwanza ni ile maneno "mpaka mwisho wa kontra". Watu wa sous-traitance wako na kontra za miezi tatu, miezi sita. Shimio ya siki nane ni wiki 24. Kontra ikiisha mu siki ya tatu, dawa inaisha naye. Kwa mwenzetu kontra ilikuwa inaisha vile vile, na tulipigania kwanza karatasi ya kuirefusha, kisha serumu. Ya pili inamuangukia mufanyakazi akiwa mugonjwa yeye mwenyewe: nyuma ya miezi sita ya kutoweza kazi bila kukatika, kwa ugonjwa usiotoka ku kazi, mwajiri ana ruhusa ya kuvunja kontra. Miezi sita tena, munaona. Kwa hiyo kama mu wiki ya kupumzika mwili unaruhusu, omba muganga akuandikie kazi nyepesi ya siku kidogo, na kila siku ile iandikwe mu registre.

Tena karatasi za ndoa. Tuko wengi tulioa kwa mali ya wazee na bia za jamaa, hatukufika ku komine. Kampuni nyingi zinaomba akti ya ndoa mbele ya kumukubali mama ku lupitalo. Muende ku komine wakati mama iko muzima.

Kwa wachimbaji wa mikono na kwa wazee wa Gécamines waliotoka mu départ volontaire ya 2003, zaidi ya watu 10 000 ambao siku moja waliamka bila lupitalo ya kazi, artikle 177 haina mulango. Na CNSS inalipa pansheni, posho za jamaa na ajali za kazi, haiko asirasi ya ugonjwa kama huu. Kwao inabaki jamaa, kanisa, likelemba. Hatuna uongo mutamu wa kuwaambia, isipokuwa ile hesabu ya hapo juu, ili falanga kidogo iliyopatikana iende ku dawa yenye kufanya kazi.

Mama aliwekewa bomba, manjano ikaisha, akapewa siki tano. Siki ya pili alirudi kula bukari, na wiki za kupumzika alishuka sokoni asubui mpaka saa sita, hata kama bintiye alimukataza. Alimuona yule binti akifanya egzamen d'État. Kisha skaneri ikaonyesha kivimbe kinaongezeka mu ini. Muganga alimupendekezea FOLFOX, akaeleza vizuri, polepole, na tulikuwa pale. Mama alisikiliza, akauliza mara ngapi kwa wiki, akasema: "Munganga, aksanti. Sasa nipe dawa ya maumivu, nikae ku nyumba." Alipewa morfini ya kunywa. Watu wanaiogopa morfini, wanasema inaua haraka. Ikipewa kwa kipimo haiue, inamuachia mutu nafasi ya kuongea na watoto wake. Aliongea nao wiki nyingi. Alikufa mu mwezi wa nane tangu serumu ya kwanza, ku nyumba ya Katuba, mu chumba chake.

Livret de logeur iko mu kabati. Fakture ya flakoni mbili za mwisho kampuni haijailipa mpaka leo. Barua yetu ya tatu tuliipeleka wiki iliyopita, na kopi ya accusé de réception iko hapa mu biro.